Udongo mwekundu, mikaratusi, seng'enge: picha ya barabara ya shamba utajuaje ni ya wapi?

Swali: Mtaalamu, heshima yako. Nimekuwa nikicheza ule mchezo wa kuonyeshwa picha ya barabara na kukisia iko wapi duniani. Mijini najitahidi, maana mabango hayakosekani. Nikitupwa mashambani naramba garasa kila mara. Juzi nilionyeshwa barabara ya udongo mwekundu, mikaratusi upande mmoja, seng'enge upande wa pili, na mbele kidogo inaingia kwenye lami. Nikasema Kenya bila kusita. Jibu likawa Brazil! Nyinyi mnatofautisha vipi? Na la pili, ninalo jambo la nyumbani: picha ya karatasi ya marehemu baba akiwa kijana, amesimama kando ya barabara, gari limeegeshwa, mlima uko nyuma. Nakala yake nimekutumia. Hakuna aliyebaki wa kutuambia ni wapi. Yawezekana kujua?

Jibu: Ndugu yangu, pole, ila usijione uko peke yako. Mimi niliwahi kuingia mkenge mbaya kuliko huo. Niliona mbuyu mnene umesimama kwenye nyasi kavu, njia ya vumbi inapita chini yake, nikaapa kwamba hiyo ni Afrika. Ilikuwa Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia. Afrika bara ina mbuyu wake tunaoujua, Madagaska ina aina sita zisizoota kwingineko, na Australia nayo ina aina yake moja, hasa huko Kimberley. Tangu siku hiyo mbuyu nausalimia tu, siuamini.

Kosa langu na lako ni moja: tulitazama kwanza kilichoota, tukaacha kilichonunuliwa. Wekundu wa udongo ni chuma kilichoshika kutu, basi. Utaukuta Afrika Mashariki, Brazil, India na Australia, na utaukuta pia kisiwa cha Prince Edward huko Canada, mahali ambapo theluji hufunika mashamba kila mwaka. Na ukiukimbia udongo ukaukimbilia mkaratusi, umeruka majivu umekanyaga moto. Asili yake ni Australia, lakini umepandwa Ureno, Ethiopia, India na California, na Brazil kuna mashamba makubwa ya mikaratusi ya kutengenezea karatasi. Misonobari nayo imehama hivyo hivyo: aina moja yenye asili ya pwani ya California ndiyo inayojaza misitu ya kupandwa ya New Zealand na Chile.

Udongo haujui mpaka. Anayeujua ni yule ofisa anayeagiza rangi ya mistari, umbo la alama na aina ya nguzo, kwa sababu akishaagiza, nchi nzima hupata kitu kilekile, kuanzia barabara kuu mpaka kule kwenye ng'ombe. Ndiyo maana mtu aliyeizoea kazi hii haitazami barabara yenyewe. Anatazama kandoni mwake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kisiwa cha Ireland. Ukivuka kutoka Jamhuri ya Ireland kuingia Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, nyasi ni zilezile, kondoo walewale, mvua ileile. Pande zote mbili magari hupita kushoto. Sasa tazama ukingo wa lami. Upande wa Jamhuri kuna mstari wa manjano uliokatika-katika. Upande wa pili mstari wa ukingoni ni mweupe. Alama ya tahadhari upande wa Jamhuri ina umbo la almasi na rangi ya manjano. Upande wa pili ni pembetatu nyeupe yenye ukingo mwekundu. Jamhuri imepima mwendo kwa kilomita tangu Januari 2005 na vibao vyake vya mahali vina lugha mbili, Kiairishi na Kiingereza. Ng'ambo ni maili. Mbingu na ardhi hazikusaidii hata kidogo pale. Rangi ya mstari inakumalizia kazi kwa nukta moja.

Kwa hiyo jizoeze kuanza na upande wa kupita. Kama picha ina gari linalotembea, au mshale uliochorwa kwenye lami, au mgongo wa alama ya barabarani unaoonekana upande mmoja, unajua. Kushoto ni Uingereza, Japani, India, Thailand, Indonesia, Australia na nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kulia ni sehemu kubwa iliyobaki. Thamani ya jambo hili inaonekana pale majirani wanapotofautiana. Uganda na Tanzania hupita kushoto, Rwanda na Burundi kulia. Namibia kushoto, Angola kulia. Milima haibadiliki ukivuka, ila dereva anabadili upande.

Baada ya hapo, mistari. Marekani, Canada na nchi nyingi za Amerika ya Kusini hutenganisha magari yanayokutana kwa mstari wa manjano katikati. Ulaya mstari wa katikati kwa kawaida ni mweupe, na Norway ndiyo inayokwenda kinyume na wenzake kwa kuwa na wa manjano. Afrika Kusini na majirani zake kadhaa wamegeuza mambo: nyeupe katikati, manjano ukingoni. Ukiona nyasi ndefu, anga kubwa na ukingo wa manjano usiokatika, na gari liko kushoto, usianze kuwaza Australia.

Sasa tufike kwenye kitu ambacho wageni hucheka nikikitaja, nacho ni vinguzo vifupi vya pembeni vyenye riflekta, vile vinavyomwongoza dereva usiku. Mtu wa kawaida hajawahi kuvitazama maishani mwake. Lakini hebu fikiria: kinguzo kimoja hakina maana, ila kinarudiwa kila baada ya mita kadhaa, kwa maelfu ya kilomita, kwa muundo uleule uliopitishwa ofisini. Kwenye picha ya mashambani ambako hakuna nyumba wala bango, kinguzo kipo. Cha Ujerumani ni cheupe chenye mkanda mweusi uliolala mshazari. Ukivuka kuingia Poland, mkanda ule wa mshazari ni mwekundu. Vya Australia vina riflekta nyekundu upande wa kushoto wa dereva na nyeupe upande wa kulia, kiasi kwamba ukijua nchi ni hiyo, kinguzo kimoja tu kinakuambia kimesimama upande gani wa barabara. Ukianza kuvitazama hutaweza kuacha tena. Mimi siku hizi nikitazama filamu navitazama vinguzo, hadithi inanipita.

Nguzo za umeme zinafuata, na hapa usiishie kusema "ya mti" au "ya zege". Tazama ina matundu au haina, waya zimepangwa kwa kulala au kwa kusimama, transfoma imekaaje, chini imepakwa nini. Hungaria na Romania zina nguzo za zege zenye matundu yaliyopangana kama ngazi. Japani, sehemu ya chini ya nguzo mara nyingi imezungushiwa mistari ya manjano na nyeusi. Na ipo nguzo moja ambayo ukiiona unaweza kufunga kitabu. Imetengenezwa kwa vyuma viwili virefu vilivyowekwa sambamba, katikati imejazwa zege. Inaitwa nguzo ya Stobie, kwa jina la mhandisi James Cyril Stobie aliyeibuni mwaka 1924, na inatumika hasa katika jimbo moja tu la Australia, yaani South Australia. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: kule miti mirefu iliyonyooka ilikuwa adimu, na mchwa hawakuwa adimu. Huo ndio ushahidi ninaouita mtamu, kwa sababu una chanzo. Ukijua kwa nini kitu kiko pale, hutakisahau, na hutakitafuta mahali ambapo hakuna sababu ya kuwapo.

Kuhusu alama na maandishi sitakaa sana, unayamudu. Ila ujue kwamba kibao cha kusimama hakiandikwi STOP kila mahali: Brazil, Argentina, Chile na Peru ni PARE, Mexico ni ALTO, Uturuki ni DUR, Quebec huko Canada ni ARRÊT. Na usikate tamaa ukiona neno usilolielewa, kwani herufi moja inatosha. Ukiona ő au ű, ni Kihungaria. Ukiona ł, ni karibu hakika Kipolandi. ř ni ya Kicheki, ğ inaelekeza Uturuki au Azerbaijan, ã na õ kwenye bango moja ni Kireno au Kivietinamu. Katika herufi za Kisirili, zile za Kirusi na jamaa zake, ї ni ya Kiukraini. Hata kibao kilichofifia cha duka la pembejeo, herufi yenye kikofia huwa inabaki.

Pale ambapo hakuna kibao, nguzo wala mstari, ndipo namwita jua. Nje ya tropiki, kwenye nusu ya kaskazini ya dunia, jua la saa sita mchana liko kusini na kivuli kinalala kuelekea kaskazini; nusu ya kusini ni kinyume chake. Mchezo wako una dira, kwa hiyo hilo ni la bure. Tahadhari ni kwamba baina ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni jua huhama upande. Mahali palipo kwenye Ikweta liko upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, kwa hiyo kivuli bila mwezi hakikuambii kitu. Ukiwa na tarehe, kivuli kinakuwa rula. Kigingi cha mita moja kikitoa kivuli cha mita moja mchana kati, jua liko nyuzi 45 juu ya upeo. Tarehe 21 Juni jua liko juu ya latitudo ya nyuzi 23.4 kaskazini, basi uko nyuzi 45 kutoka hapo: ama nyuzi 68.4 kaskazini, kule juu Skandinavia, ama nyuzi 21.6 kusini. Kivuli kinapoelekea ndicho kinakuchagulia.

Na kama kuna nyumba, tafuta dishi la televisheni. Setilaiti zinazorusha matangazo zimekaa juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, kwa hiyo madishi ya Ulaya hutazama kusini, ya New Zealand hutazama kaskazini, na kadiri unavyoikaribia Ikweta ndivyo dishi linavyoinua uso, mpaka baadhi yanaonekana kama bakuli linalokinga mvua. Dishi halidanganywi na mwezi. Mimi hulipa uzito kuliko kivuli.

Sasa rudi kwenye picha yako ya Brazil. Umesema barabara ya udongo inaingia kwenye lami. Umeniambia udongo ni mwekundu, hukuniambia mstari wa lami ni wa rangi gani. Kama ungesogeza picha mpaka pale kwenye njia panda, ungekuta mstari wa katikati ni wa manjano na wa ukingoni ni mweupe, magari yako kulia, na huenda kuna PARE mdomoni mwa ile njia ya vumbi. Kenya hupita kushoto. Jambo moja tu, upande wa gari, lingeiondoa Kenya hata kabla hujaufikiria mkaratusi. Na mikaratusi yenyewe ilikuwa imepandwaje? Kama ilikuwa safu zilizonyooka mpaka macho yanachoka, hilo ni shamba la kiwanda, wala si miti michache ya mpakani mwa shamba la mtu. Mimea ina kazi yake, ila kazi hiyo inakuja baadaye: ukishaijua nchi, ndipo nyasi, urefu wa miti na rangi ya udongo vinakusaidia kuchagua jimbo. Ukivipa kazi ya kuchagua bara, vitakuchezea shere.

Kuna tabia nyingine ya kujifunza, nayo ni ngumu kuliko kukariri nguzo. Ukishasema moyoni "hapa ni Kenya", acha kutafuta cha kukuunga mkono, tafuta cha kukukatalia. Uliposema Kenya, kila kitu kilikubali: udongo ukakubali, mkaratusi ukakubali, seng'enge ikakubali. Shahidi anayemkubalia kila mtu hana faida. Jiulize: kama ni Kenya, ni kitu gani hakipaswi kuwapo hapa? Kisha kitafute hicho.

Utawasikia wachezaji wakubwa wakitaja siri za namna nyingine, mfano bomba la hewa linaloonekana ubavuni mwa gari la Google lililopiga huko Kenya picha za barabarani zinazotumika kwenye mchezo. Ni kweli, lipo, na linashinda michezo. Lakini huo ni ujuzi wa gari la mpiga picha, si wa barabara, na kwenye picha ya baba yako hautakusaidia kitu. Mashine nazo zimeingia. Mwaka 2023 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walitengeneza programu waliyoiita PIGEON, na ikamshinda mmoja wa wachezaji maarufu kabisa wa mchezo huu. Sizidharau. Ila zile programu za kuzungumza nazo ambazo kila mtu anazo simuni hukutajia kijiji kwa kujiamini kuliko inavyostahili, kwa hiyo jibu lake lichukue kama fununu ya kwenda kuithibitisha.

Kuhusu picha ya baba: ndiyo, yawezekana, ila si kwa njia ya mchezo.

Kwanza hakikisha picha haikugeuzwa wakati wa kusafishwa, maana filamu ikipinduliwa, mgongo wake ukawa uso, kulia inakuwa kushoto. Tazama shati lake. Mashati ya kiume vifungo hukaa upande wa kulia wa mvaaji. Ukivikuta upande wa pili, shuku. Halafu usukani wa gari, lakini hapo kumbuka miaka. Uswidi ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, Nigeria mwaka 1972, Ghana mwaka 1974. Mistari nayo ina historia: ule wa manjano wa katikati Marekani uliwekwa kuwa kanuni ya nchi nzima mwaka 1971. Picha ya zamani huwezi kuihukumu kwa sheria za leo. Nguzo, miti, lami na uzio uvihesabu kuwa vimekufa.

Kisichokufa ni mlima. Mwaka 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwapeleka wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi na kuwapiga risasi. Serikali ya Cameroon mwanzoni ilisema ni habari za uongo. Wachunguzi wa BBC Africa Eye walichukua sekunde chache za mwanzo ambamo mgongo wa milima unaonekana nyuma, wakaulinganisha na sura ya ardhi kwenye picha za setilaiti. Walihangaika bila mafanikio mpaka chanzo kimoja cha Cameroon kilipowaelekeza watazame karibu na Zelevet, kaskazini kabisa mwa nchi, na hapo mgongo ukaoana. Kisha majengo yaliyoonekana kwenye video, kijinjia kinachotokea msimu wa joto tu, na vivuli vya wanajeshi wenyewe, vikawapa muda: kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10. Nimekueleza kisa hiki kizito kwa sababu mbili: mgongo wa mlima unatosha, na hata wataalamu walihitaji mtu wa kuwaambia waanzie wapi.

Kwa hiyo anza na ndugu. Usiwaulize "hapa ni wapi", umesema hakuna anayejua. Waulize baba alifanya kazi gani ujanani, alisafiri na nani, gari lile lilikuwa la nani. Ukipata hata mikoa mitatu, dunia imeshapungua. Halafu fungua Google Earth, shuka mpaka usawa wa macho ya mtu, ufuate barabara zinazopita karibu na milima ya huko, moja moja. Kwenye picha tafuta pale kilima cha karibu kinapokatiza mstari wa kilima cha mbali. Mkato huo unahama mtu akipiga hatua kushoto au kulia, kwa hiyo ukiupata sawasawa umepata mstari mmoja ardhini ambao mpiga picha alikuwa amesimama juu yake. Ukipata mkato wa pili una mstari wa pili, na pale mistari miwili inapokutana ndipo miguu yake ilipokuwa. Mlima mkubwa unafanya kazi vizuri; vilima vidogo ramani hiyo huvilainisha mno, usishangae vikikataa.

Nakala uliyonitumia umeikata ikabaki baba na kilele tu. Naelewa kwa nini, lakini umenikatia kando ya barabara, na ncha mbili za mgongo wa mlima zimekwenda nayo. Ipige upya yote, mpaka ukingo mweupe wa karatasi, na nyuma yake pia hata kama unaona ni tupu: inamishe kwenye mwanga wa dirisha kwanza, kalamu ya risasi ya miaka hiyo huwa inaonekana kwa ubavu.